Mitaro Chini ya Misonobari

Bishop, 20 Juni 1981

Mjukuu wangu Nadine,

Hujambo? Mimi ni mzima, isipokuwa nyonga iliyovunjika, iliyonilaza hapa hospitali.

Sikiliza. Nondo wa mwaka jana uliwaona: wanene, wa kijivu, mabawa ya nyuma yana wekundu wa waridi, na kila bawa lina nukta nyeusi. Sasa watoto wao, viwavi, wanakula majani ya misonobari yetu. Wenzetu wa Oregon huwafukua udongoni wakishajizika. Sisi huwanasa wakishuka. Msimamizi wa msitu, Bwana Kessler, atapulizia sumu asipoona mtu akiwavuna kwa chakula Julai hii. Chimba mtaro kuzunguka kila mti. Viwavi wakishuka kwenda kujizika, watatumbukia.

Bibi yako

Lee Vining, 6 Julai

Shikamoo Bibi,

Nyonga inaendeleaje? Mimi sijambo, ila viganja vimechubuka. Nilichimba mitaro yote. Jana viwavi walishuka, wakaingia, wakatokea upande wa pili. Kessler alikuwa amesimama hapo hapo. "Dada, mbona wageni wako wanaondoka bila kuaga?" Nikamjibu, "Wamekuona wewe." Lakini Ijumaa analeta lori la sumu. Bibi, nimeshindwa. Niache?

Mjukuu wako

Bishop, 8 Julai

Nadine,

Salamu baadaye. Wewe umechimba beseni la kuogea! Ukuta wa nje husimama wima kama wa nyumba, nao huwa wa mchanga mkavu, ili ummomonyokee kiwavi akijaribu kupanda. Wengi bado wako juu. Washa moto wa moshi mwingi chini ya matawi, washuke. Na neno "nimeshindwa" usiniandikie tena.

Bibi yako

Lee Vining, 13 Julai

Shikamoo Bibi,

Habari za afya? Huku mitaro imejaa viwavi! Nimewachoma katika mchanga wa moto, nikawachekecha, nikawaanika kivulini. Kessler alionja mmoja, akauliza kama nina chumvi. Nikamwambia, "Ondoa lori kwanza, chumvi baadaye." Ameliondoa. Pokea mfuko huu.

Mjukuu wako

Bishop, 20 Julai

Mjukuu wangu,

Sijambo. Mfuko umefika. Umewaunguza kidogo. Niliomba wachemshwe, na harufu ya mchuzi ikamfikia mama wa kitanda cha pili, mtu wa kabila letu la Wapaiute kutoka Big Pine. Akalia. Hajawala tangu amzike mumewe. Nikamgawia bakuli, nikamwambia mavuno yajayo, mwaka wa pili kuanzia sasa, atachimba nasi. Leo ameamka mapema, ameshika fimbo, anajifunza kutembea ukumbini. Naishia hapa, nishike fimbo yangu. Siwezi kukubali anitangulie.

Bibi yako