Mkwaruzo kwenye Rimu ya Ndege

Jumanne, Kakamega

Ati "huo mkwaruzo ulikuwepo kitambo, fundi." Wekesa, fundi mwenzangu, ananiona mjinga.

Tairi la ile ndege ndogo liling'ang'ania rimu asubuhi yote. Nilitoa upepo, nikaunda kibanio cha mbao mbili na jeki ya gari, nikawa nalikandamiza polepole. Nikaenda chai. Kurudi, Wekesa ameshalitoa kwa bisibisi, kama tairi la trekta ya miwa.

Mkwaruzo wa kitambo hauwezi kung'aa hivyo. Rimu inaweza kupasuka ndege ikitua, na kazi iko kwa jina langu.

Halafu akaniuliza msasa uko wapi. Wa nini, kama si kuufuta mkwaruzo?

Nimeileta rimu nyumbani, iko chini ya kitanda mpaka mwenye ndege aione kesho. Mke wangu, Mama Brian, ameuliza, "Hata sisi hutuamini?"

Nimeisukuma rimu ndani zaidi.