Bangili ya Kijani

Mbeti, soma tu, usinipigie. Niko kwa watu.

Niko saluni hapa Gatitu, kichwa bado iko na rangi. Kuna mama simjui amekaa kando yangu, alikuwa anasoma ile group ya Facebook, ile inatafuta wale vijana wawili walihepa baada ya kuua dereva wa lori huko highway. Akanionyesha picha kwa simu. Akasema, "Wamepata mmoja. Angalia hayo macho."

Ni Gichovi. Ndugu yangu Gichovi.

Ati kwa sababu amesimama kando ya gari, Probox nyeupe, na wauaji walikuwa na Probox nyeupe. Ni hiyo tu.

Na unajua nilisema nini? Nilisema, "Ni kweli, macho ni mbaya." Nilijiskia nikisema.

Wamenikata kwa picha, lakini mkono yangu imebaki kwa bega yake, na ile bangili ya kijani. Ndio nimevaa saa hii. Nimeificha chini ya taulo.

Mtu ameandika kwa hiyo group ati Gichovi hupakia nyanya soko ya Kagio kila Alhamisi, watu wamngojee na petroli. Leo ni Alhamisi. Nampigia, simu imezimwa.

Mbeti, hiyo picha sijawahi kuweka mahali. Nilikutumia wewe peke yako, nikikuuliza kama rinda imenikaa.

Ulimtumia nani?

Naona umesoma. Andika kitu.