Jiwe Lililopimwa Siku ya Matanga

Bulengera, Butembo, 20 Machi 2022

Papa,

Nakusalimu kwa heshima. Mgongo unaendeleaje? Mama anakula? Mimi ni mzima, nafundisha fizikia kama kawaida, ila usingizi umenikimbia tangu tumzike ndugu yangu Jephté. Simu zangu hupokei, ndiyo maana nimempa dereva Gracien barua hii.

Najua nilikosa. Siku ya tatu ya matanga hakuna anayegusa kazi, hata jembe linalazwa, na mimi nikafungua kompyuta nyuma ya jiko. Ulisema mbele ya watu wote: "Mutafute sanduku ingine. Huyu mutoto naye tunamuzika leo." Maneno hayo yananichoma mpaka sasa.

Sikuwa nacheza, Papa. Mimi na wanafunzi wangu tunatumiwa picha za anga zilizopigwa na darubini kubwa ya mbali, tuzichunguze. Katika picha za kwanza niliona nukta inayohama kati ya nyota: asteroidi, jiwe linalozunguka jua, mbali kupita Mars. Likionwa mara moja tu, lisitafutwe tena upesi, linapotea. Hakuna ajuaye limeelekea wapi. Picha za pili zilifika siku ile ile. Unisamehe.

Mtoto wako,
Débora

Beu, Beni, 3 Aprili 2022

Débora,

Tuko wazima, Mungu asifiwe. Mama yako anakula. Mgongo ni ule ule.

Barua nimeisoma. Ndugu yako aliuawa na waasi akivuna kakao, hata shuka la kumfunika tuliazima kwa jirani, na wewe ulikuwa unaogopa jiwe lisije likapotea. Wazee wenzangu wa kanisa wananiuliza nililea nini. Usiandike tena.

Papa yako

Bulengera, 16 Julai 2023

Papa,

Salamu nyingi. Gracien ameniambia Mama alilazwa na malaria. Amepona? Na wewe je?

Ulinikataza kuandika, nikanyamaza mwaka na zaidi. Leo nimeshindwa.

Lile jiwe lilikuwa limejificha upande wa jua. Mwezi uliopita limeonekana tena, karibu kabisa na pale hesabu ziliposema. Linazunguka jua kwa miaka minne na miezi miwili, kati ya Mars na Jupiter. Jina bado halina. Wenye darubini watalifuata miaka mingi kwanza. Wametuandikia kwamba njia yake ilipatikana kwa sababu lilipimwa mara mbili upesi: katika picha za Jumatatu usiku, tarehe 28 Februari, na za Jumatano. Hizo za Jumatano ndizo nilizozipima matangani.

Sisemi hilo linafuta kosa langu. Nilitaka tu ulijue kutoka kwangu. Nina hamu kubwa ya kukuona, Papa.

Mtoto wako,
Débora

Beu, 2 Desemba 2023

Débora, mtoto wangu,

Nakusalimu. Mama yako amepona, anakusalimu sana. Mgongo unanisumbua wakati wa mvua, lakini natembea. Wewe unalala sasa?

Barua yako nimekaa nayo miezi minne ndani ya Biblia. Kila nikiisoma nahesabu siku zile kwa vidole.

Jumanne ile aliyouawa, Jephté hakutaka kwenda shambani. Alisema: "Papa, batu banasema kule hakuko muzuri, tungoje kwanza." Nikamwambia kakao itaoza. Mimi ndiye niliyemtuma. Kila aliyenipa mkono matangani nilitaka kumwambia, nikashindwa. Halafu nikakuona na kompyuta yako, nikapata mtu wa kumkasirikia. Kosa langu nikakubebesha wewe.

Mama yako nimemwambia. Siku mbili hakunipakulia chakula, ya tatu akanipakulia. Jumapili iliyopita nilisimama kanisani, mbele ya wale wale waliosikia nikikuzika, nikasema yote. Unisamehe wewe pia, kama unaweza.

Nina ombi moja. Gracien anasema barabara iko wazi. Panda naye, uje na ile picha ya Jumatatu, unioneshe hiyo nukta kwa kidole. Za Jumatano ziache huko kwanza. Jumatatu usiku Jephté alikuwa amekaa hapa mezani, anakula bugali na sombe, anamtania mama yake. Nataka kuona kitu kilichopigwa picha mtoto wangu akiwa hai.

Papa yako