Tulikuja Kumwona Mgonjwa

Kagerankanda

Baba mdogo Mpawenimana,

Nakusalimu huko Kibondo, natumaini biashara ya maharage inakwenda. Huku mvua imekatika mapema, na yule mbuzi wako mwekundu amezaa mapacha.

Jumatatu Divine hakuja shule. Mama mdogo alituma neno kwamba binti yenu anaumwa sana, hata kukaa hawezi. Mimi ndiye mwalimu wake wa darasa, na kwetu mgonjwa hujuliwa hali. Nikawachukua Kidato cha Pili wote, huyu na kuni, yule na unga, tukaja kwako tukiimba pambio.

Mgonjwa tulimkuta shambani anang'oa maharage yako. Sikumgombeza. Tulimzunguka palepale tukamwombea apone, majirani wakatoka kutazama, na mzee wa kanisa naye akaja kumwekea mikono. Mama mdogo alijifunika uso kwa khanga. Kesho yake Divine aliwahi darasani kuliko wote.

Nasikia unalalamika kwa ndugu kwamba nalipiza kisasi. Ni kweli. Akikosa tena tutarudi, na safari hiyo nitakuja na kwaya nzima.

Nilipokuwa naishi kwako, nikiwa Kidato cha Pili, ulimwambia mwalimu wangu kwamba naumwa. Niling'oa maharage yako msimu mzima huku nimetega sikio njiani, labda wanakuja kuniona.

Hakuja mtu.

Mwanao,
Vestina