Banda la Kuku la Mama Mkwe

Nyasho, Musoma
9 Machi 1975

Mama mkwe,

Shikamoo. Sisi hapa ni wazima, ukiacha mafua ya masika, na hofu yetu iko kwako na kwa kuku wako. Usishtuke kuona mwandiko wangu. Boke ameniambia umemaliza kisomo cha watu wazima, nikasema basi leo sitatuma maneno kwa kupitia mtu. Mila inanikataza kukutazama na kuzungumza nawe, lakini habari ya bahasha sijaisikia.

Boke ni mjamzito, tunatazamia mwishoni mwa Agosti. Unajua tulivyompoteza yule wa kwanza mwaka jana, Boke akiwa peke yake nyumbani, mimi kwenye ghala la pamba. Safari hii anasema bila mama yake hazai. Nilimweleza kwamba jambo hilo halina hiari, akanitazama vibaya.

Huwezi kulala chini ya paa moja nami, najua. Kwa hiyo nitakujengea chumba uani, kwa mikono yangu mwenyewe. Niambie unavyokitaka.

Mkweo,
Isidori

Butiama
30 Machi 1975

Mkwe,

Hujambo? Mimi sijambo. Boke hajambo? Kuku hawajambo. Mwalimu Getruda wa kisomo anasema barua isiyo na salamu si barua, kwa hiyo nimewasalimia wote.

Barua yako nimeisoma mwenyewe, siku mbili. Niliwauliza wazee kama ni mwiko mkwe kukuandikia. Walikaa asubuhi nzima, pombe yangu ikaisha, wakasema mababu hawakutaja karatasi. Basi.

Chumba nakitaka hivi. Mlango usitazame mlango wako. Dirisha lisitazame dirisha lako. Na choo je, umekifikiria? Siwezi kuingia choo anachoingiaga mkwe wangu, hata ningekuwa nakufa. Chimba kingine.

Mtoto wa kwanza alipozaliwa sikuwapo. Linaniuma mpaka leo. Jenga upesi.

Mkweo,
Mama yake Boke

Nyasho, Musoma
18 Mei 1975

Mama mkwe,

Shikamoo, na pole kwa kusubiri. Afya zetu nzuri. Afya ya nyumba yako ndiyo mbaya. Ukuta wa kwanza ulilala na mvua tarehe 12 Aprili, wa pili ukaufuata Jumapili yake, tukiwa kanisani. Jirani yangu Chacha ni fundi muashi, lakini nimekwisha jisifu mtaa mzima kwamba najenga mwenyewe, sasa nitamwendeaje? Kila jioni anakuja kuegemea ua na kunitazama.

Halafu amekuja bwana afya, ameona shimo la choo cha pili. Akauliza humu mpo wangapi, nikasema wawili. Akauliza, watu wawili, vyoo viwili? Nikamweleza habari za mkwe. Yeye ni mtu wa pwani, Mama. Alicheka mpaka akakaa juu ya ndoo yangu ya udongo. Alipotulia akasema chumba cha kulala uani kinataka ramani na kibali, miezi sita. Banda la kuku halitaki kitu. Akatoa kalamu, akaandika banda la kuku.

Nisamehe. Kwenye karatasi za serikali utakuwa unalala na kuku.

Mkweo,
Isidori

Butiama
8 Juni 1975

Mkwe,

Hujambo? Mimi sijambo. Boke miguu haijavimba? Mwambie asibebe maji.

Kama serikali imeandika kuku, kuku ninao. Nitakuja nao saba, tusiwe waongo.

Mwite Chacha. Mtoto hangoji aibu yako iishe. Mimi hapa tulipohamia kijiji kipya nilibeba milango yangu kichwani na watu wakitazama, sikufa. Mwite.

Mkweo,
Mama yake Boke

Nyasho, Musoma
20 Julai 1975

Mama mkwe,

Shikamoo. Tu wazima, na Boke sasa hawezi kuona vidole vya miguu yake.

Chacha alimaliza kwa siku tisa, na mbili kati ya hizo alikuwa anabomoa nilichojenga mimi. Mlango unatazama ua, si mlango wangu, kama ulivyoagiza. Tatizo ni kwamba kati ya mlango na ua hapatoshi kupita kitanda. Tuliligundua tulipokuwa tumekwisha ezeka. Ikabidi tuondoe bati tatu, tukishushe kwa kamba kutoka juu. Kimekaa vizuri, ila usitamani kukihamisha.

Nimefunga kengele ya baiskeli mlangoni kwangu. Nikitaka kutoka nitaipiga, nawe utabaki ndani hadi nipite. Njoo kwa basi la Jumamosi. Mimi siku hiyo nitakwenda Bunda kwa kazi za pamba tusije tukakutana stendi. Boke atakupokea. Tafadhali usichelewe, Mama. Usiku anaamka, anashika tumbo, nami nawasha taa.

Mkweo,
Isidori

Uani
3 Agosti 1975

Mkwe,

Hujambo huko ndani? Mimi hapa uani sijambo. Chumba ni kizuri, Mungu akubariki, na samaki wa jana, wale furu, walikuwa watamu.

Lakini hiyo kengele. Ukienda bombani, kriing. Ukirudi, kriing. Umesahau ndoo, kriing. Jana nimejificha mpaka ugali ukaungua. Kuku mmoja ameacha kutaga. Piga mara moja tu, halafu utoke ukijua unakwenda wapi.

Boke naye amechoka kutubebea barua hatua kumi na tano na tumbo lile. Tuandikiane mambo ya lazima tu.

Mkweo,
Mama yake Boke

Uani
17 Agosti 1975

Mkwe,

Hujambo? Mimi sijambo. Kuku hawajambo. Boke ameanza. Tafuta gari sasa hivi.

Mkweo,
Mama yake Boke

Nyasho, Musoma
21 Septemba 1975

Mama mkwe,

Shikamoo. Natumaini ulifika salama. Selestina anakua, ananyonya kama ana deni na mtu. Uani pamekuwa kimya, hata kengele naona haya kuipiga.

Naandika kukiri makosa. Barua ile ya tarehe 17 uliileta mwenyewe, kwa kuwa mbebaji wetu ndiye aliyekuwa kitandani. Nilisikia hatua, nikageuka, nikakuona. Nikafumba macho. Ukasema, "Soma!" Nikasema, "Siwezi, Mama, nimefumba." Ndipo ukanisomea mwenyewe kwa sauti, neno kwa neno. Ulipofika hujambo nikajibu sijambo. Ulipofika kwa kuku nikasema namshukuru Mungu. Ulipofika kwa Boke nikafumbua macho, nikakimbia.

Nilirudi na gari la ghalani mtoto amekwisha lia. Nilisimama nje ya banda lile nikalia naye. Kliniki waliniuliza kazaliwa wapi. Nikasema, nyumbani kwa bibi yake.

Sasa nimekutazama na nimezungumza nawe. Wazee wamenitoza mbuzi mmoja. Ukimchinja tukamla pamoja, mwiko umekwisha kati yetu, tutasalimiana kwa mdomo kama watu wengine. Chacha atakuletea mbuzi huyo Jumatano.

Mkweo,
Isidori

Butiama
12 Oktoba 1975

Mkwe,

Hujambo? Mimi sijambo. Selestina hajambo? Boke hajambo? Chacha alifika, amekula vizuri, amenisimulia kuta zako. Nimecheka sana.

Mbuzi nimempokea. Wazee wanakuja kila siku kuuliza tunachinja lini. Nimewaambia bado ni mwembamba.

Nitakueleza ukweli, maana kwa karatasi inawezekana. Nimeishi miaka hamsini na minne, na hakuna mtu aliyewahi kuniandikia barua kabla yako. Mwalimu Getruda anasema mimi ndiye pekee darasani ninayepata. Barua zako zote ziko ndani ya kibuyu, na jioni nazitoa, nasoma ya kuta, nasoma ya kitanda. Tukianza kusalimiana kwa mdomo, utaniandikia ya nini?

Banda usilibomoe. Nitakuja Krismasi, na kengele uiache palepale.

Mbuzi nimemfunga nyuma ya nyumba. Anakula vizuri. Nijibu.

Mkweo,
Mama yake Boke