Vidonge vya Jumatano

Mahajanga, 9 Machi 1981

Mwanangu Echa,

Salamu nyingi. Mimi mzima, isipokuwa huu utumbo. Nakuandikia kwa herufi za Kiarabu, zile za chuoni, ili manesi wasinichungulie.

Nitapasuliwa Alhamisi. Daktari amenipa vidonge nimeze Jumatano. Nimecheka moyoni: jeraha bado sina, dawa ya nini? Ulisema sikio la Hayrat linatoa usaha na dawa huko hakuna. Basi vidonge nimemfungia mjukuu wangu, Madi mpishi wa meli anakuletea. Usinigombeze.

Mama yako


Nosy Be, 13 Machi 1981

Mama mpenzi,

Nakuamkia kwa heshima. Unaendeleaje?

Madi alifika jana, nikafurahi. Leo asubuhi nikapeleka vidonge kwa nesi aniambie kipimo cha mtoto. Akauliza ni vya nani. Akasema humezwa kabla ya kisu, ili uchafu wa utumbo usiozeshe jeraha; baadaye ni kazi bure. Na sikio havilisaidii, vinafanya kazi tumboni tu. Nawe ulipasuliwa jana! Mwambie daktari leo hii, usione haya.

Mwanao Echa


Mahajanga, 20 Machi 1981

Echa mwanangu,

Nawasalimu nyote. Barua yako nimeipata leo.

Jeraha lilifumuka Jumatatu. Linanuka, mgonjwa wa kitanda cha pili ameomba kuhamishwa, na simlaumu. Kabla ya kunipasua daktari aliniuliza, "Umemeza?" Nikasema ndiyo. Leo nimemwambia ukweli. Hakunifokea, alikaa tu ukingoni mwa kitanda, na hilo ndilo lililonitisha. Sindano anazozitaka hazipatikani mjini.

Huyo nesi wako anajua nini? Mpe Hayrat. Kisha niandikie kwamba sikio limekauka, nami nifurahi.

Mama yako


Nosy Be, 2 Aprili 1981

Mama,

Salamu sijui nizipeleke wapi. Madi amerudi leo na barua yangu ya tarehe 25, haijafunguliwa, ameifunga ndani ya leso yako. Anasema mazikoni watu walikuwa wengi. Mimi sikuwapo.

Nimekukasirikia, mama. Nimekukasirikia tangu asubuhi, na bado naandika kwa herufi zako, maana niliyo nayo ya kukwambia sina pengine pa kuyapeleka.

Uliuliza sikio. Bado linatoa usaha. Vidonge vyako viko kabatini, vyote.

Mwanao Echa