Safari Hii Sikupeleka Kreti ya Soda

Jumamosi jioni. Huku Bombo, milimani Upareni, ukungu umeshuka mpaka kwenye migomba, na mimi niliyezoea joto la Same mjini nimejifunika blanketi la ukweni. Mgongo unauma, viganja vina malengelenge. Lakini moyoni nina raha kama mtoto aliyenunuliwa viatu vipya.

Nianze na tumbo langu, maana ndilo hunitangulia kila mahali.

Mimi na Nakijwa tulioana watu wazima, na mtoto hatujapata. Kwao huku, ikiwa hivyo, anayechemshiwa mizizi ni mwanamke. Amekunywa michungu yote ya mlima huu, kwa adabu, bila kusema neno. Mwishowe tukaenda hospitali wote wawili. Yeye hana tatizo lolote.

Mbegu zangu ndizo chache na chovu.

Daktari hakuzunguka. Alisema mafuta ya tumboni yanavuruga homoni na kuziharibu mbegu. Nipunguze uzito, nitembee, nile matunda, mboga za majani na viungo kama tangawizi, kwa sababu kwenye mimea kuna vitu vinavyoweza kusaidia kuzilinda mbegu, ingawa si dawa ya uhakika.

Mpare kuambiwa tangawizi! Tunailima wenyewe. Nikashika hilo moja, mengine yakapita juu ya kichwa. Nikawa nakunywa chai ya tangawizi yenye sukari ya kusimamisha kijiko, na bakuli la mnavu pembeni ya chipsi mayai. Nikarudi kupima uzito kwa mbwembwe zote.

Nilikuwa nimeongezeka.

"Mzee wangu," daktari akasema, "nilisema mboga badala ya chipsi. Sikusema mboga pamoja na chipsi."

Nakijwa alicheka njia nzima.

Baada ya hapo nikaacha bodaboda, nikawa natembea kwenda dukani kwangu, ninakouza saruji na misumari. Makande yakapunguziwa mafuta. Papai likachukua nafasi ya maandazi, nikaliomboleza andazi kama ndugu. Taratibu suruali zikaanza kuomba mkanda.

Jana tukapokea majibu ya vipimo vipya. Mbegu zimeongezeka, na daktari anasema sasa zinaogelea kwa bidii. Bado hatujafika, ila tumesogea. Nilitaka kuibandika ile karatasi dukani, kando ya bei ya saruji. Nakijwa akanikataza.

Basi leo tukapanda mlima kuja kwao, kwenye msaragambo, kazi ya pamoja ya kijiji: kutoa tope kwenye ndiva, bwawa letu la kumwagilia mashamba. Kwa kawaida mimi, mkwe wa mjini, hupeleka kreti ya soda kisha nasimamia kazi nikiwa kivulini. Leo nilibeba koleo.

"Shemeji, soda ziko wapi?" akauliza Elinihaki, kaka yake Nakijwa.

"Leo nimeleta mgongo."

"Jamani, tuite gari la wagonjwa mapema!"

Nikachimba. Nikahema kama ng'ombe anayepanda mlima wa Gonja, lakini sikutoka kwenye tope mpaka wenzangu walipotoka.

Tulipopumzika, shangazi yake Nakijwa akaja na kikombe. Harufu yake naijua. "Kunywa mwanangu, hii itajibu." Nakijwa akanyoosha mkono kukipokea, kama siku zote. Hakuwahi kumwambia mtu yeyote majibu ya hospitali, kwa kunisitiri mimi.

Nikakiwahi.

"Shikamoo shangazi. Huyu mwache. Tulipima wote, mwenye shida ni mimi. Na naendelea vizuri."

Elinihaki akapaza sauti kutoka ukingoni mwa ndiva: "Basi mrudishieni koleo, dozi haijaisha!"

Watu wakacheka mpaka wakashikana mabega. Shangazi alichelewa kucheka, lakini alicheka, akakimwaga kikombe chini ya mgomba kwa mkono wake mwenyewe.

Nakijwa alinifuta tope shingoni kwa pindo la khanga yake, mbele ya kijiji kizima.

Mtoto atakuja au hatakuja, sijui. Ninachojua ni kwamba mke wangu hatachemshiwa tena mizizi kwa ajili ya tumbo langu. Kesho ni kanisani, na Jumatatu tunaanza upande wa pili wa ndiva.

Sijui tu ni nani atakayeniinua kitandani.